Kupunguza mafuta mwilini huku uzito ukibaki palepale

Kuna watu ambao mizani haiwalaumu. Kilo zao zinaendana na urefu wao na mpimaji akipiga hesabu anasema wako sawa, lakini suruali inabana kiunoni, mikono na mapaja ni membamba, na ngazi za ghorofa mbili zinawatoa jasho. Mtu wa namna hii akiambiwa "punguza uzito" anapotoshwa. Akijinyima chakula na kukimbia kila siku atapungua kweli, ila sehemu ya kitakachoondoka ni misuli, ambayo tangu mwanzo alikuwa nayo kidogo. Atabaki mwembamba mwenye kitambi. Anachohitaji ni kubadilishana: mafuta yatoke, misuli iongezeke, kilo zibaki zilipo au zisogee kidogo tu.

Inawezekana, na wanaofaidika haraka zaidi ni wale wasiowahi kufanya mazoezi ya nguvu, waliowahi kuyafanya wakaacha, na wenye akiba ya kutosha ya mafuta. Aliyezoea vyuma kwa miaka na hana mafuta mengi atasonga polepole mno. Mwenye uzito uliozidi sana naye asing'ang'anie kubaki na kilo zilezile. Hatua hizi zitamfaa, lakini kwake ni heri uzito nao ushuke. Na kama una kisukari, presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, kama ni mjamzito au unanyonyesha, au uliwahi kusumbuliwa na tatizo la kujinyima au kula kupita kiasi, zungumza na daktari wako kabla ya kubadili chochote.

Hatua ya 1: Pima kile ambacho mizani haikioni

Uwiano wa uzito na urefu unaotumiwa kliniki nyingi ulitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akichunguza makundi makubwa ya watu. Kwa mtu mmoja mmoja una upungufu mkubwa: hautofautishi kilo ya mafuta na kilo ya misuli. Watu wawili wenye kilo 68 na urefu uleule wanaweza kuwa na miili isiyofanana hata kidogo.

Tafuta utepe laini kama ule wa fundi nguo. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, kisha zungusha utepe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Andika namba. Lengo rahisi kukumbuka ni kwamba kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 alenge chini ya 85. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unahesabu kwamba hatari za kiafya huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na hupanda zaidi kikipita 102 na 88. Mafuta yanayojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo, yana madhara kuliko yale ya chini ya ngozi ya mapaja au makalio, ndiyo maana nakuomba kiuno ukipe uzito kuliko kipimo kingine chochote.

Pima pia katikati ya paja na katikati ya mkono wa juu. Hivi vitakuonyesha kama misuli inabaki.

Mizani usiitupe. Jipime asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya kula au kunywa, kisha mwisho wa wiki chukua wastani wa siku saba. Namba ya siku moja haina maana. Mwili huhifadhi wanga ndani ya misuli na ini, na kila gramu yake hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Ukila wanga na chumvi nyingi jioni, kesho unaweza kuwa umeongezeka kilo nzima bila gramu moja ya mafuta mapya. Mwanamke mwenye hedhi alinganishe wiki ya mzunguko huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita, kwa sababu maji ya mwili hupanda na kushuka.

Zipo mizani za umeme zinazokuambia asilimia ya mafuta. Zinakisia kwa kupitisha umeme mdogo mwilini, na jibu lake hubadilika kulingana na maji uliyokunywa. Usizitumie kuamua jambo lolote la maana.

Hatua ya 2: Ipe misuli kazi

Wengi huanza na chakula. Nakushauri uanze na mazoezi ya nguvu, kwa sababu bila hayo hakuna lishe itakayojenga misuli. Mwili hutunza kinachotumika. Ukipunguza chakula bila kunyanyua kitu kizito, mwili hauna sababu ya kuilinda misuli, na huimeng'enya pamoja na mafuta.

Huhitaji mazoezi ishirini. Mwili una miondoko michache mikubwa, na ukiigusa yote umegusa karibu misuli yote.

Wa kwanza ni kuchuchumaa na kuinuka. Miguu iachane kwa upana wa mabega, nyayo zote zikae chini, magoti yafuate uelekeo wa vidole. Anayeanza achuchumae mpaka aguse kiti, kisha ainuke bila kujisaidia kwa mikono. Wa pili ni kuinama kwa nyonga: sukuma makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka, ushike mzigo ulio mbele yako na kuinuka nao. Mwondoko huu hujenga nyuma ya mapaja, makalio na mgongo wa chini, sehemu ambazo mtu anayekaa kutwa kwenye kiti huzisahau kabisa. Wa tatu ni kusukuma, yaani pushapu, au kusukuma mzigo juu ya kichwa. Wa nne ni kuvuta: kujivuta kwenye mti wa chuma, au kuinama na kuuvuta mzigo kuelekea tumboni. Ongeza na kubeba mzigo mkono mmoja ukitembea, au kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, ili kiwiliwili kikaze.

Fanya mwili mzima siku mbili au tatu kwa wiki, ukiacha angalau siku moja katikati. Kila mwondoko ufanye seti tatu (seti ni mkupuo mmoja bila kupumzika), za marudio 8 hadi 12, na pumzika dakika mbili kati ya seti na seti. Wiki mbili za mwanzo tumia uzito mwepesi ujifunze mkao. Baada ya hapo, kinacholeta mabadiliko ni ugumu: maliza seti ukiwa na nguvu ya kufanya marudio mengine moja hadi matatu tu. Kama ukimaliza ungeweza kuendelea na kumi zaidi, hiyo ilikuwa kupasha mwili joto.

Kisha ongeza, kidogo kidogo. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, maana ndipo wengi wanapokwama: wanarudia uzito uleule na marudio yaleyale kwa miezi, halafu wanasema mazoezi hayawafai. Andika kwenye daftari ulichofanya leo. Ukifikisha marudio 12 katika seti zote tatu, siku inayofuata ongeza uzito kidogo, marudio yatashuka hadi 8 au 9, na unaanza kuyapandisha tena. Daftari hilo, baada ya miezi mitatu, litakuambia ukweli kuhusu misuli yako kuliko kioo.

Usiye na vyuma hujanyimwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu ni chuma unachoweza kukipima kwa usahihi na kukiongeza kwa kikombe. Begi lililojazwa vitabu linafaa mgongoni wakati wa kuchuchumaa na wakati wa pushapu. Pushapu zikikushinda, weka mikono kwenye meza imara au ukuta. Zikiwa rahisi, weka miguu juu ya kiti, au shuka kwa kuhesabu polepole mpaka nne. Kuchuchumaa kukiwa rahisi, weka mguu mmoja nyuma juu ya kiti ufanye kwa mguu wa mbele. Utafiti umeonyesha kwamba misuli hukua kwa uzito mwepesi wa marudio 20 au 30 pia, ilimradi seti iishie karibu na kuchoka.

Maumivu ya misuli yanayoanza kesho yake na kuisha baada ya siku chache ni ya kawaida kwa anayeanza. Maumivu makali ya ghafla, au yaliyo ndani ya kiungo kama goti na bega, ni ishara ya kusimama.

Kwa wanawake wanaoogopa kuwa na misuli minene: mwili wa mwanamke una homoni ya testosteroni kidogo mno ukilinganisha na wa mwanamume, na miili ile mikubwa unayoiona kwenye mashindano ni matokeo ya miaka mingi ya juhudi za makusudi, mara nyingi na dawa. Misuli utakayoipata itakufanya uonekane umekaza, na itakulinda. Kuanzia miaka ya thelathini binadamu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi asipoitumia, na mzee anayeshindwa kuinuka kwenye kiti mara nyingi ni mtu aliyeipoteza bila kujua.

Hatua ya 3: Protini kila mlo

Lenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji takriban gramu 112. Ukifika 2 kwa kilo si vibaya. Kuzidi hapo faida hupungua. Mwenye figo zisizo nzima asifuate namba hizi bila daktari.

Igawe: milo mitatu au minne yenye gramu 25 hadi 40 kila mmoja. Ili namba zisibaki kwenye karatasi, yai moja lina gramu 6 hadi 7. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa zina karibu 30, na samaki wa uzito huo huwa na 20 hadi 25. Kikombe cha maziwa kina 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15, dengu 18. Asiyekula nyama anaweza kufika, lakini itabidi apange: jamii ya kunde katika kila mlo, soya ikipatikana, na nafaka pembeni, kwa kuwa asidi amino (vijenzi vya protini) zilizo chache kwenye kunde zimo kwenye nafaka na kinyume chake.

Tatizo la kawaida ni kifungua kinywa. Chai na kitu cha ngano ni mlo wenye protini kidogo, na anayeanza hivyo anatakiwa kuilipa yote mchana na usiku. Badilisha mlo huo mmoja kwanza, mingine itafuata.

Kuna jaribio lililofanywa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2016, ambalo linaonyesha uzito wa jambo hili. Vijana 40 wa kiume walipunguziwa chakula kwa asilimia 40 ya mahitaji yao kwa wiki nne, wakafanyishwa mazoezi makali siku sita kwa wiki. Kundi moja lilipewa gramu 1.2 za protini kwa kilo, jingine 2.4. La kwanza lilipoteza kilo 3.5 za mafuta na misuli ikabaki ilivyokuwa. La pili lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Ratiba ile ilikuwa kali na sikushauri uiige, lakini inathibitisha kwamba mwili unaweza kujenga upande mmoja na kubomoa upande mwingine kwa wakati mmoja.

Protini pia hushibisha, na kuimeng'enya kwenyewe hugharimu asilimia 20 hadi 30 ya nishati iliyomo ndani yake, wakati wanga hugharimu 5 hadi 10 na mafuta chini ya hapo.

Hatua ya 4: Kiasi cha chakula

Hapa kuna hesabu inayowachanganya wengi. Ukitaka uzito usibadilike, unafikiri ule sawasawa na unachotumia. Lakini kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700, na kilo moja ya misuli, ambayo robo tatu yake ni maji, haifiki 2,000. Kwa hiyo ukitoa kilo ya mafuta na kuweka kilo ya misuli, mizani itasema hakuna kilichotokea ilhali mwili umetumia maelfu ya kilokalori kutoka kwenye akiba yake. Sambaza tofauti hiyo kwa miezi miwili na unapata upungufu wa karibu kilokalori 100 kwa siku. Ni kidogo sana. Ndiyo sababu kujinyima hakuhitajiki, na ndiyo sababu pia uzembe mdogo unafuta kazi yote.

Anza kwa wiki mbili za kula kama ulivyozoea, ukiandika kila kinachoingia mdomoni. Kama wastani wa uzito haukubadilika, hicho ndicho kiwango chako. Kisha punguza kilokalori 100 hadi 200 kwa siku, zisizotoka kwenye protini. Usiyependa kuhesabu unaweza kutumia sahani: nusu mboga, robo protini, robo wanga.

Pa kupunguzia huwa si penye mlo wenyewe. Chovya chovya humaliza buyu la asali: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi, na mkono unaomimina kutoka kwenye chupa hauhesabu. Soda na juisi huingia bila kushibisha. Vipande anavyobakiza mtoto, karanga za kiganjani ukiwa kazini, sukari ya chai ya tatu. Pombe ina kilokalori 7 kwa gramu, karibu sawa na mafuta yenye 9, na huharibu usingizi juu yake. Ukipima mafuta kwa kijiko na ukaacha vinywaji vitamu, mara nyingi umeshamaliza hatua hii bila kugusa sahani.

Wanga usiufukuze. Ndio unaokupa nguvu ya seti ya mwisho. Chagua ule wenye nyuzinyuzi, kula mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku, na nyuzinyuzi gramu 25 au zaidi.

Hatua ya 5: Tembea

Dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Kutembea kwa haraka kunatosha, na hakuli nguvu za kesho za kunyanyua. Ukipenda kukimbia au kuendesha baiskeli, endelea, ila mbio ndefu weka mbali na siku ya mazoezi ya miguu.

Mazoezi ya tumbo hayachomi mafuta ya tumbo. Mwili huchukua mafuta kutoka sehemu zote kwa mpangilio wake, na kwa wanaume wengi tumbo huwa la mwisho.

Hatua ya 6: Lala

Watu wengi watasoma hatua hii na kuipita, na inaniuma, kwa sababu haina gharama. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha jaribio dogo la watu 10 wenye uzito mkubwa, waliokula chakula cha kupunguza uzito chini ya uangalizi mara mbili, siku 14 kila mara: awamu moja wakipewa saa 8.5 za kulala, nyingine saa 5.5. Uzito uliopungua ulikaribiana. Lakini walipolala kidogo, sehemu ya upungufu iliyokuwa mafuta ilishuka kwa asilimia 55, na misuli iliyopotea ikaongezeka. Njaa nayo ilipanda. Walipolala kidogo hawakula vibaya zaidi ya walipolala vya kutosha. Chakula kilikuwa kilekile na miili yao wenyewe ilikuwa ileile.

Lenga saa saba hadi tisa. Muda uleule wa kuamka, hata siku za mapumziko, husaidia kuliko ujanja mwingine.

Hatua ya 7: Kila wiki nne, zisome namba

Linganisha vitu vitatu: wastani wa uzito, kiuno, na daftari la mazoezi. Misuli mipya kwa anayeanza mara nyingi haizidi kilo moja kwa mwezi, na kwa mwanamke ni pungufu ya hapo, kwa hiyo usitegemee mabadiliko ya wiki moja.

Uzito uleule, kiuno kimepungua, marudio yamepanda: usibadili chochote. Kilo ya mafuta huchukua nafasi ya lita 1.1 hivi na ya misuli chini ya lita moja, ndiyo maana nguo hulegea mizani ikiwa kimya.

Nguvu zimepanda, kiuno kimegoma: punguza kilokalori 100 hadi 200 nyingine, au ongeza dakika 20 za kutembea kila siku. Kagua kwanza mafuta ya kupikia na siku za mwisho wa wiki.

Uzito unashuka kwa kasi na nguvu zinapungua: unakula kidogo mno. Rudisha chakula, anza na wanga kabla na baada ya mazoezi, na angalia usingizi. Mwanamke ambaye hedhi imekatika au imekuwa ya kubahatisha tangu aanze, aongeze chakula mara moja na amwone daktari.

Uzito, kiuno na daftari vyote havijasogea: angalia kama seti zako kweli zinafika karibu na kuchoka, halafu hesabu protini ya siku tatu mfululizo kwa kuandika, bila kukisia. Ukikuta gramu 60 mahali pa 112, anzia kifungua kinywa.